Mlango Namba 8001

Baba aliacha kutuangalia siku ya Jumanne, ile Jumanne ya upepo mkali. Sababu yake niliijua Alhamisi ya wiki iliyofuata. Katika siku hizo tisa mama aliacha kuimba akikanda maandazi, na mjomba akaanza kupanga safari ya kwenda kumuuliza baba maswali mbele ya wazee. Kosa lilikuwa langu, ila hakuna aliyejua, hata mimi mwenyewe.

Tunaishi Maganzo, nyuma ya barabara kubwa ya kwenda Mwanza, kwa bibi mzaa mama. Bibi anaitwa Sesilia. Mwaka jana alipata kiharusi, upande wa kulia ukalala, ndipo mama akatoka Katoro kuja kumuuguza. Alikuja na mimi, na mdogo wangu Masalu akiwa bado tumboni. Baba akabaki Katoro. Anatengeneza mota za karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, na mwenye karasha ikiharibika hataki kusikia habari za mgonjwa wa mtu.

Mjomba Maige, kaka yake mama, ni dalali wa almasi. Mwezi akiuza anakuwa mkarimu kwa kila mtu, mwezi asipouza anakuja kula kwetu. Katika mwezi mmoja wa ukarimu alituvutia intaneti ya faiba, akamleta fundi Marwa afunge kamera mbili. Moja inaangalia uwanja, kwa sababu tuliibiwa mbuzi wawili mchana kweupe. Nyingine iko chumbani kwa bibi, ili mama akiwa kibandani kwake barabarani, akiuza chai na maandazi, aone kwenye simu kama bibi anataka kugeuzwa au kupewa maji. Bibi alikubali kwa sharti moja, kwamba akiogeshwa kamera ifunikwe kanga. Mama aliifunika kila siku.

Shida ilikuwa baba. Mama alitaka na yeye amuone Masalu anavyokua, maana kwenye simu Masalu alikuwa hatulii, analamba kioo tu mpaka mazungumzo yanakatika. Lakini ile programu ya kamera ilikataa simu ya baba, simu ya zamani. Fundi Marwa alishachukua chake akaondoka kwenda kazi nyingine. Nikasema nitajaribu mimi.

Nieleze kidogo, si ngumu. Ukiwa nje, nyumba yetu kwenye intaneti ina namba moja tu, ile tuliyopewa na kampuni. Ni kama hapa Maganzo. Ukimtafuta mtu yeyote wa nyumba hii, uwe unamtaka mama, mjomba au mimi, utaelekezwa kwa Mama Maige, yaani kwa bibi, basi. Sisi wengine huko nje hatuna majina. Ukishafika ndo unaulizwa umemfuata nani. Humo ndani sasa, ruta, kile kisanduku kinachogawa intaneti, imempa kila mmoja namba yake ndogo: simu ya mama ina yake, kamera ya uwanjani ina yake, ya bibi ina yake, hata runinga. Namba hizo mtu wa nje hazioni. Kwa hiyo lazima ruta iwe imeambiwa mapema, mgeni akija kwa mlango fulani mpeleke kwa fulani. Mafundi wanaita poti. Mimi naita mlango.

Nilijifunza kwa kuangalia video, bila sauti, maana Masalu alikuwa analala. Nikaweka mlango namba 8001 uelekee kwenye namba ya ndani inayoishia na 11, ambako ndiko ilikuwa kamera ya uwanjani. Nikaweka na 8002 uelekee 12, kwa bibi, nikifikiri siku moja mjomba anaweza kuuhitaji. Huo wa pili sikumwambia mtu. Halafu kwa uvivu nikatumia nenosiri lile lile kwa kamera zote mbili, na jina la kuingilia nikaandika baba.

Ilikubali mara ya kwanza. Nilimtumia baba anuani, akabonyeza, akapiga simu akicheka, anaona kuku wetu. Mimi darasani siongei. Mwalimu akiniuliza, jibu ninalo, ila linaishia kooni, na wenzangu wameniita Kimya tangu kidato cha kwanza. Ruta haikuwahi kuniambia niongeze sauti. Siku ile nilitembea uwanjani huku najua baba ananiona, nikaona aibu, nikaingia ndani.

Tukawa na desturi. Saa kumi na mbili na nusu jioni, baba akishanawa mikono ya grisi, anafungua mlango wake. Mama anamweka Masalu katikati ya uwanja. Masalu alikuwa ndo anaanza kusimama, anashika ndoo, anaachia, anakaa. Baba akimaliza kuangalia anapiga simu, na mama anamweka kwenye sauti kubwa ili wote tusikie.

"Leo kapiga hatua nne akakaa," baba anasema. "Hiyo ya tano mmemnyima nini?"

Mama anamjibu kwamba hatua ya tano inamsubiri mwenye mtoto. Wanacheka. Mwisho baba lazima aulize, mayu hajambo? Mayu ndio mama kwa Kisukuma, na anayemuulizia ni bibi. Jina la bibi hajawahi kulitamka.

Maana kwetu mkwe na mama mkwe wanaogopana, si kwa ubaya, kwa heshima. Baba akija hapa haingii moja kwa moja. Anasimama kwenye uzio, anakohoa. Zamani bibi akisikia kikohozi alihamia nyuma ya nyumba. Wanasalimiana ukuta ukiwa katikati, baba amechuchumaa, kaangalia pembeni. Hawashikani mikono, hawaonani wakila. Wakiwa na la kuambiana, linapita kwa mtoto. Mama anasema mwaka waliooana baba aliwahi kujificha kwenye shamba la pamba karibu nusu saa, kwa sababu bibi alisimama njiani kuongea na shoga yake, na baba hakuwa na pa kupita bila kuonana naye uso kwa uso. Akatoka na siafu.

Sasa Jumanne ile. Upepo uliangusha nguzo, umeme ukakatika tangu asubuhi. Mama alichelewa kurudi kwa sababu bati la kibanda chake liling'oka, na aliporudi akaanza na kumuogesha bibi. Umeme ulirudi kama saa kumi na mbili na nusu. Nikambeba Masalu mbio mpaka uwanjani ili baba asikose. Nikamsimamisha, nikaangalia kamera, nikapunga mkono. Masalu siku hiyo alipiga hatua saba. Nikakaa nasubiri simu.

Simu haikuja. Haikuja Jumatano. Alhamisi mama akapiga mwenyewe, akamuuliza mbona siku hizi humuangalii mwanao. Baba akasema kazi. Kesho yake akasema mtandao. Alikuwa anajibu neno moja moja, na alipouliza mayu hajambo sauti yake ilishuka, akakata simu kabla hajajibiwa.

Barabarani mama anauza karibu na Ghati, mwanamke wa Tarime anayekaanga samaki. Ghati ana roho nzuri ila mdomo wake hauna mfuniko. Alimwambia mama kwamba Katoro wanaume wanaoa mwingine Jumatatu, Jumamosi wameshazoea. Mama alicheka pale. Alipofika nyumbani alikaa jikoni bila kuwasha moto.

Baba alitakiwa kuja mwisho wa mwezi. Jumatano ya wiki ya pili mama alimpigia kumuuliza atakuja siku gani, na nilimuona mama akisikiliza, kisha akaweka simu chini taratibu kama yai. Jioni mjomba Maige alipokuja kula, akamweleza.

"Amesema hawezi kukanyaga hapa," mama alisema.

"Hapa kwetu?"

"Hapa. Nimemuuliza kwa nini, kanyamaza."

Mjomba alisukuma sahani. Akasema kama mwanaume kapata mwingine aseme, tukae tuongee mambo ya ng'ombe wa mahari, si kumnyamazia dada yake kama deni la duka. Akasema Jumamosi atachukua wazee wawili aende nao Katoro. Nilijua maana yake. Wazee wakishafika kwa mtu na swali kama hilo, hata akiwa na jibu zuri, ile ndoa inabaki na ufa. Na baba angekasirika, na mama angesema basi nabaki kwa mama yangu, na Masalu angekua akimjua baba yake kwa sauti ya simu tu.

Usiku ule mimi nilishikilia neno moja tu: mtandao. Nikasema moyoni, baba amesema mtandao, pengine ni kweli. Nikiweza kuonyesha ni mtandao, mjomba hatakwenda.

Alhamisi nilipotoka shule nilimuomba mama simu, nikamwambia ni ya kazi ya shule. Nikazima waifai, nikatumia bando, ili niwe kama mtu wa nje, kama niko Katoro. Nikaandika ile anuani niliyompa baba, nyumba yetu, mlango 8001. Nikaweka jina na nenosiri.

Nikamuona bibi. Amelala kitandani, uso ameelekeza ukutani, kanga imemshuka begani.

Nilifunga haraka kana kwamba kioo kimeniunguza. Nikafungua tena. Bibi yule yule.

Nikaingia kwenye ruta. Kamera ya uwanjani sasa ilikuwa na namba 12. Ya bibi ilikuwa na 11. Jumanne umeme uliporudi ziliamka zote pamoja, ya bibi ikawahi, ruta ikaipa namba iliyokuwa wazi. Mimi sikuwa nimeiambia ruta kwamba namba hizi ni za watu, usizigawe upya. Mlango 8001 ulibaki pale pale ukielekea 11, kama nilivyouamuru. Sisi nyumbani hatukujua kwa sababu programu ya mama inazijua kamera kwa majina yake, haijali namba.

Kila kamera inatunza daftari la nani kaingia na saa ngapi. Nikafungua la kamera ya bibi. Ukiacha mara zangu mbili za muda ule, lilikuwa na jina la baba mara moja tu. Jumanne, saa kumi na mbili na dakika thelathini na mbili, ameingia. Dakika hiyo hiyo, sekunde nne baadaye, ametoka.

Nikakumbuka mama alikuwa anafanya nini dakika hiyo. Nikaenda kumuuliza kwa mbali, nikizunguka, kama siku ile ya upepo alifunika kamera. Mama akafikiri. Akasema hapana, umeme ulikuwa umekatika, taa yake haiwaki, akaona ya nini. Umeme ulirudi bibi akiwa kwenye kigoda katikati ya beseni. Akaniuliza kwa nini nauliza. Nikasema basi tu.

Kwa hiyo ndicho alichokiona. Alifungua mlango kumtafuta Masalu, akamkuta mama mkwe wake anaogeshwa. Baba yangu, aliyejificha na siafu. Tena hakuna mtu duniani ambaye baba angeweza kumwambia. Si mama, maana ni mama yake. Si mjomba. Si mimi.

Nilirekebisha kwanza. Kila kifaa kina namba nyingine ya kuzaliwa nayo, haibadiliki, imechapwa mgongoni. Nikaiambia ruta, yenye namba hii ya kuzaliwa ipe 11 siku zote, na hii ipe 12, hata umeme ukatike mara mia. Ule mlango wa 8002 nikaufuta. Nikabadilisha nenosiri la kamera ya bibi. Yote ilichukua kama dakika kumi. Kilichobaki hakikuwa cha kubonyeza.

Nilipanga kumwambia mama, nikashindwa. Nikaandika ujumbe kwa baba, nikaufuta. Unaanzaje kumwandikia baba yako habari za bibi akiwa kwenye beseni? Ijumaa nikatoka shule nikiwa nimeamua. Mama alikuwa kibandani. Niliingia chumbani kwa bibi na kikombe cha uji, nikaigeuza kamera ielekee ukutani.

Bibi akaniangalia. Tangu kiharusi maneno yake yanakuja polepole, nusu Kisukuma, na mdomo upande mmoja haufuati mwingine.

"Bibi, nina kosa."

"Umevunja chungu?"

"Baba alikuona ukiogeshwa," nikasema. "Kwenye hiyo kamera. Yeye alikuwa anamtafuta Masalu, mimi ndo nilikosea nikampitisha kwako."

Mkono wa kushoto wa bibi, ule mzima, ukavuta kanga ukafunika mabega, kama vile baba bado yuko pale.

"Muda gani?"

"Sekunde nne."

"Sekunde nne ni ngapi?"

Nikamhesabia kwa sauti, taratibu. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Nilipofika nne niliona ni nyingi kuliko nilivyodhani.

"Nani alimfungia?"

"Alifunga mwenyewe."

"Halafu?"

"Hajarudi. Hata kumuangalia Masalu hajarudi. Ndo maana anamwambia mama hawezi kukanyaga hapa, na mjomba kesho anampelekea wazee."

Bibi aligeuza kichwa kuangalia dirisha. Nilidhani analia, nikaweka kikombe chini. Kumbe upande mmoja wa mdomo wake ulikuwa unacheka.

"Sasa huyo ndiye mkwe," alisema. "Huyo binti yangu analia nini?"

Akaniambia nichukue simu yake, kitochi chake kilichofungwa kwa mpira, nimpigie baba. Nikasema mama akirudi atampigia. Akasema mama yako hana cha kumwambia, aliyefungua mlango ni wewe.

"Bibi, mimi siwezi kuongea."

"Mimi ndo siwezi, nusu ya mdomo imelala. Wako mzima wote."

Nikapiga. Nikaweka sauti kubwa ili bibi asikie, ingawa kwa desturi ilihesabika kwamba hasikii. Karasha ilikuwa inanguruma nyuma ya baba. Akauliza kuna nini, mayu mzima? Nikasema mzima, yuko hapa. Mngurumo ukapungua, nikajua anatembea kwenda mbali na watu. Bibi akanifinya paja ili niseme.

Nikasema yote kwa pumzi moja, kama mtu anayesoma shairi asilolielewa: umeme ulikatika, kamera zikabadilishana namba, mlango wako ukaelekea kusiko, kosa ni langu, nimesharekebisha, na mlango wa kwenda kwa bibi nimeufuta kabisa, hakuna mtu wa nje atakayeuona tena.

Nilimsikia baba akishusha pumzi. Akasema alidhani amebonyeza vibaya yeye mwenyewe. Siku zote hizo alikuwa anajiuliza atamwangaliaje mama, na kama akimwambia, atamwambia kwa maneno gani. Alikwenda kwa mzee mmoja wa kwetu aliyeko Katoro, akamweleza kwa kuzungukazunguka, mzee akaelewa, akamwambia asikanyage huko mpaka mkwe mwenyewe amwite. Kitenge cha kuombea radhi alikwisha kununua. Kilikuwa kwenye begi, hajui atakileta lini.

Bibi alikuwa anasikiliza amefumba macho. Akaniambia, si kwa sauti ndogo, "Mwambie Jumanne ile umeme ulikuwa umekatika."

"Baba, bibi anasema Jumanne ile umeme ulikuwa umekatika."

Alishamsikia, maana simu ilikuwa wazi. Lakini alisubiri mpaka ya kwangu imfikie.

"Mwambie mayu ni kweli," akasema. "Hata huku mimi niliona giza tu."

"Anasema aliona giza tu."

"Basi," bibi akasema. "Mwambie aje. Afike kabla Maige hajavaa viatu."

Jioni wakati wa kuoga, bibi ndiye aliyemweleza mama. Mlango ulikuwa umefungwa, kamera imefunikwa kanga mbili. Nilikaa nje na Masalu, nikisikia maji. Kisha mama akacheka, kicheko cha kuzibwa na mkono, kikabadilika katikati. Alitoka mikono imelowa povu. Akasimama mbele yangu.

"We Kimya," alisema.

Sikujua alikuwa analijua hilo jina.

"Siku nyingine ukifungua mlango wa nyumba hii uniambie unaelekea wapi."

Nikasema ndiyo mama. Akainua ncha ya kanga yake akanifuta uso, wakati aliyekuwa analia ni yeye. Akasema na yeye ana lake, kanga angeiweka tu, umeme uwepo usiwepo. Nilijua anafikiria siku zile zote na maneno aliyoyaamini kibandani kwa Ghati.

Jumamosi mjomba alifika saa tano na wazee wawili, viatu vimepakwa dawa mpaka vinang'aa. Hakuna aliyekuwa amemwambia kitu, bibi alikataza. Walikuwa wanakunywa chai kabla ya kwenda stendi. Basi kikohozi kikasikika kwenye uzio.

Baba alikuwa kachoka, usiku kucha alikuwa njiani, magari matatu. Mjomba akasimama na kikombe mkononi.

"Shemeji. Mimi ndo nilikuwa nakuja kwako."

"Nimekupunguzia nauli," baba akasema.

Mmoja wa wazee alicheka kwanza, mwingine akafuata, na mjomba akabaki hajui viatu vyake avifanyie nini. Baba hakuelezea chochote kwa nini alinyamaza, zaidi ya kusema alikuwa na neno na mayu na limekwisha. Mzee mkubwa aliangalia begi lake, akaangalia dirisha la bibi, akamwambia mjomba kwamba yeye chai imemtosha, hana swali.

Baba alimsalimia mama kwa kichwa. Mama akaitikia akiangalia sufuria. Masalu alijificha nyuma ya gauni la mama akimchungulia yule mtu. Baba alichuchumaa pale pale kwenye uzio, akatoa kitenge, cha kijani chenye maua ya njano, akanipa.

Nilikipeleka ndani. Bibi alikipapasa kwa mkono wa kushoto, akakinusa, akaniambia nimfunge mabegani. Nikamfunga. Akaniambia nifungue dirisha.

"Bibi, baba yuko palepale nje."

"Najua alipo. Pazia liache, fungua dirisha."

Nikafungua. Mbao zilikuwa zimekaza, hazikuwa zimefunguliwa tangu aumwe. Bibi akaegemea ukuta, akakusanya sauti. Ilimchukua muda, nikaona mishipa ya shingo.

"Mwadila, baba," alisema. Ni salamu ya mchana tu, lakini ilitoka mpaka uwanjani.

Nilichungulia pembeni mwa pazia. Baba alikuwa amegeuka kulipa dirisha mgongo, amechuchumaa anaangalia barabara, kofia kaivua.

"Mwadila, mayu."

"Umekula?"

"Bado, mayu."

Hawakupita kwangu. Nilisimama pale na mkono kwenye mbao za dirisha, sina kazi.

"Dorah," bibi akamwita mama, sauti sasa imeanza kuchoka. "Mkwe wangu hajala."

Mama aliinuka. Jikoni kwetu ni upande wa kushoto, na baba alikuwa kulia, kwenye uzio. Mama alizunguka kwa kulia. Alipita nyuma yake karibu kabisa, kanga yake ikamgusa bega, akaenda kuwasha moto.